Kikombe Chini ya Bomba

Jua lilikuwa linazama Baba Kidoti alipoingia jikoni na spana mkononi. Bomba la sinki lilikuwa limemchosha. Tone... tone... tone... tangu wahamie nyumba hii ambayo mkewe alirithi kwa bibi yake. Marehemu alikuwa ameweka kikombe cha bati chini ya bomba lile, kishikio kikielekea ukutani, na mkewe hakutaka kiondolewe. Leo mkewe alikuwa kazini, na fundi bomba alikuwa ameshawapiga chenga hadi basi. Mwanamume akanunua bomba jipya linalong'aa, akaamua kulifunga mwenyewe.

Alifunga koki ya nje, akajikunja chini ya sinki. Nati ilikuwa imeliwa na kutu. Akauma meno, akavuta. Ikaachia, na pamoja nayo ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Kwenye nyuzi za bomba, pale ambapo mafundi wa zamani huzungusha katani ili maji yasivuje, palikuwa na kitu cha kijivu. Akakivuta. Kikazidi kuja... kirefu, laini.

Nywele.

Akajidanganya kuwa ni katani iliyozeeka, akazitia kiberiti palepale kwenye sinki ili asiziguse tena. Kisha akazungusha utepe mweupe kwenye bomba jipya, akalikaza, akaenda kufungua koki. Halikuvuja hata kidogo.

"Mafundi watanikoma," akasema peke yake.

Hapo ndipo aliposikia.

Fyooo... fyooo...

Ilikuwa sauti ya mtu anayefyonza kinywaji kilichokwisha. Ilitoka chini ya sinki. Akafungua kabati, hamna kitu. Sauti ikahamia ukutani, ikafuata bomba taratibu kuelekea sebuleni, alikolala binti yake kwenye kochi.

Ikanyamaza hukohuko.

Alikimbia, akamkuta Kidoti amelala fofofo. Glasi ya maji aliyomjazia mwenyewe ilikuwa mezani, kavu, na midomo ya mtoto ilikuwa imepasukapasuka.

Mkewe akaingia na mkoba begani. Alichungulia jikoni, akaganda.

"Baba Kidoti... umelifanya nini bomba la Bibi?"

"Nimelibadilisha. Si kila siku unahangaika kumwaga kile kikombe?"

Mkewe akaweka mkoba chini.

"Mimi? Sijawahi kukimwaga. Kila asubuhi nakikuta kikavu. Nilijua ni wewe."

Wote wawili wakageuka kulitazama bomba jipya.

"Bibi alisema lisifungwe kabisa," mkewe akanong'ona. "Nikamuuliza kwa nini. Akasema, mwacheni anywe hapo hapo, asije akatafuta pengine. Nikadhani ni uzee."

Baba Kidoti hakungoja kusikia zaidi. Alifunga koki, akang'oa bomba jipya, akarudisha lile kuukuu kwa pupa hata spana ikamponyoka. Utepe alikuwa nao. Zile nywele hakuwa nazo tena.

Akafungua koki. Tone... tone... tone...

Wakakaa sakafuni, mke na mume, wakikitazama kikombe. Maisha yake yote Baba Kidoti hakuwahi kutamani kitu kinywewe namna ile. Maji yalipanda polepole, yakafika ukingoni, yakaanza kumwagika.

Hakuna aliyekunywa.

Nyuma yao pakasikika nyayo za mtoto. Kidoti alipita katikati yao pekupeku, bila kuwaangalia. Alikichukua kikombe kwa mikono miwili, akakimaliza.

Fyooo.

Akakirudisha palepale kilipokuwa, akageuza kishikio chake upande wa ukuta, kama alivyokuwa akikigeuza marehemu Bibi. Mama yake akajiziba mdomo, machozi yakimtoka.

"Baba," akasema mtoto, kwa sauti yake ileile ndogo, "fungua zaidi."

Baba Kidoti akafungua.