Swali la Tatu

Walianza kwa ugomvi. Duka la fotokopi lilifurika watu, umeme umerudi dakika tano tu zilizopita, na kaka mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka linataka kukata, akapenyeza karatasi zake juu ya kichwa cha dada aliyekuwa mbele.

"We kaka, foleni huioni?"

"Samahani, dada yangu. Wanafunzi wananisubiri."

"Na mimi nasubiriwa na ndoo ishirini za rangi. Rudi nyuma!"

Akarudi. Dada huyo alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na ovaroli yake ilikuwa na madoa kuanzia kola hadi magoti. Kaka alikuwa mpima ardhi. Kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha hesabu watu wazima wanaorudia mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Alipochungulia fomu mkononi mwa dada na kukuta ni ya darasa lake mwenyewe, alicheka peke yake.

Baada ya miezi mitatu kaka alikuwa akimwita "Rangi yangu." Walisoma mezani nyumbani kwa dada mkubwa wa binti huyo, ambako binti alikuwa akiishi.

"Namba zilizo mbele ya x na y zipange kwenye mabano, mstari juu ya mstari. Hiyo ndiyo matriki," alimwelekeza. "Zidisha mshazari huu, toa mshazari ule. Ukipata sifuri, hapo usijisumbue. Haina kinyume, haitakupa jibu moja."

"Kama wanaume niliowahi kuwajua."

"Mimi je?"

"Wewe bado nakupiga hesabu, mpenzi."

Darasani lakini walijifanya hawajuani. Yeye mwalimu ndiye aliyetaka hivyo, wasije watu wakasema anapendelea.

Jumamosi moja akarudisha majaribio. Akaiinua karatasi ya mchanganya rangi mbele ya watu thelathini.

"Swali la tatu, mwenzenu huyu kaandika 'hakuna jibu.' Jamani, ukishindwa, sema umeshindwa. Usilisingizie swali."

Darasa likaangua kicheko. Binti akasimama, masikio yanamwaka moto.

"Mwalimu, mlinganyo wa kwanza ni 2x na 3y, sawa na kumi na tatu. Wa pili, 4x na 6y, sawa na ishirini na tatu. Mbili mara sita, kumi na mbili. Tatu mara nne, kumi na mbili. Ukitoa ni sifuri! Na hilo jibu lako uliloandika hapo kwa wino mwekundu, x mbili, y tatu, liweke kwenye mlinganyo wa pili. Nane na kumi na nane ni ishirini na sita. Ishirini na tatu umeitoa wapi?"

Mwalimu akaitazama karatasi. Binti aliyaona macho yake yakigota penye ile sita, yakakaa hapo.

"Kaa chini. Tunaendelea," akasema.

Hakukaa. Alibeba daftari lake akatoka.

Simu iliita siku nne. Ya tano ilipokelewa na dada mkubwa.

"Shemeji, umemfanya nini mdogo wangu? Anaosha vyombo kama anapigana navyo."

"Nipe niongee naye, dada."

"Hataki hata kulisikia jina lako."

Akamfuata kazini. Binti alikuwa akikoroga rangi ya kijani kwa fimbo, hakuinua uso.

"Ilipaswa kuwa tano, nikachapa sita. Niliona palepale, Rangi yangu. Niliogopa wataniona sijui."

"Kwa hiyo ukaona heri nionekane mimi?"

Mwalimu akanyoosha mkono aipokee fimbo, amsaidie kukoroga.

"Toka. Na usiniombe radhi kwenye ndoo. Ulinifanya nichekwe mbele ya watu thelathini."

Jumamosi iliyofuata alikwenda darasani, kwa kuwa mtihani ulikuwa wake, si wa mtu. Akakaa nyuma kabisa, uso umekunjwa. Mwalimu akaandika swali la tatu ubaoni.

"Swali hili nililikosea mimi. Mwenzenu alipata, mkamcheka kwa sababu yangu."

"Sasa mbona ulinyamaza?" akauliza fundi bomba mmoja.

"Uoga. Na kuna lingine nililoficha kwa uoga huohuo. Yule ni mchumba wangu."

Makofi na vigelegele! Binti akaruka juu.

"Nani kakwambia mimi mchumba wako? Umeniuliza lini?"

Akatoka. Mwalimu alimkuta nje getini, mikono kaikunja kifuani.

"Ndiyo nakuuliza sasa. Nimeshamwambia mama nataka kukuoa. Nimjibu nini?"

"Mjibu nimekasirika."

"Mpaka lini?"

Akamtazama kuanzia viatu mpaka kola, taratibu, bila huruma.

"Mpaka nimalize mtihani. Baada ya hapo mlete mama nyumbani kwa dada. Atanikuta nimekasirika kidogo tu."

Akageuka akaenda zake kwa hatua za kishindo. Hakutabasamu mpaka alipokata kona.