Namba Zilizotulia Mno

Marehemu alikuwa amelala kwenye sakafu ya bafu, kitana kingali mkononi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka tisa, kidonge kimoja kila asubuhi kilikuwa kimekizuia kifafa chake.

Inspekta aliinama, akalitazama jeraha la kichwani, kisha ukingo wa sinki. Mwisho akachukua kichupa cha dawa rafuni.

"Alimeza leo?" akamuuliza mume.

"Alimeza. Mimi mwenyewe humpa kila siku."

"Hamkusahau hata mara moja?"

"Hesabu vilivyobaki, Afande."

Inspekta akavihesabu. Idadi ilikuwa sawasawa.

Siku ya tatu, daktari aliyeupasua mwili alileta taarifa yake. Kifafa kilimpanda, akaanguka, akajigonga. Na damu yake ilikuwa na dawa kidogo mno. Mkemia wa polisi akavipima vile vidonge vya kichupani. Kila kimoja kilipaswa kuwa na miligramu mia mbili za dawa. Hakuna kilichofika mia na themanini.

Aliyekuwa akivigusa ni mtu mmoja tu. Mume akawekwa mahabusu.

"Ulivibadilisha?"

"Sikuvibadilisha."

"Basi nani?"

"Ningemjua, Afande, ningekaa hapa kimya?"

Asubuhi iliyofuata Inspekta alikwenda kwenye kiwanda kilichotengeneza dawa ile. Meneja wa maabara alimwekea mezani madaftari mawili. Kiwanda kilikuwa na mashine mbili za vidonge, na kila moja ilikuwa na mpimaji wake. Kila siku mpimaji alichukua vidonge ishirini na tano, akapima dawa iliyomo katika kila kimoja, akaandika wastani. Kichupa cha marehemu kilitoka mashine ya pili.

"Jionee mwenyewe," meneja alisema. "Siku hamsini na nne, namba haijatikisika. Mpimaji wa mashine ya pili ana miaka ishirini na saba kazini. Tunamwita Mizani. Muuaji wako mtafute kwingine."

Inspekta alikaribia kukubali, akayachukua madaftari na kuondoka. Lakini njiani aliona ni vizuri kumpitia shangazi yake, aliyefundisha takwimu chuoni mpaka alipostaafu. Alimkuta jikoni, bisibisi mkononi, akikaza miguu ya stuli.

"Madaftari masafi, shangazi. Nataka tu uniambie hivyo, nikafunge jalada."

Shangazi alivaa miwani, akasoma kimya. Chai ya Inspekta ikapoa.

"Hili la kwanza ni safi," alisema hatimaye. "Hili la pili ni safi mno."

"Usafi nao una kuzidi?"

"Kaa, mwanangu. Vidonge havifanani, hata viwe vya mashine moja. Kimoja kitakuwa na mia na tisini na tano, mwenzake mia mbili na nne. Ukichukua ishirini na tano, vilivyozidi huvibeba vilivyopungua, kwa hiyo wastani hautangatangi sana. Lakini hutangatanga. Kwa mashine hizi, kiasi cha miligramu moja huku na huku, siku nyingine mbili. Tazama mashine ya kwanza: mia na tisini na tisa nukta mbili. Mia mbili na moja. Mia na tisini na nane nukta tatu. Huyu anapima. Sasa tazama wa pili."

Inspekta akatazama. Mia mbili nukta moja. Mia mbili kamili. Mia na tisini na tisa nukta tisa. Ukurasa baada ya ukurasa, katika siku zote hamsini na nne, hakuna iliyopishana na mia mbili kwa zaidi ya nukta mbili.

"Labda mashine yake ni nzuri zaidi."

"Nami naanza na dhana hiyo hiyo, kwamba mtu huyu ni mkweli. Kama mahakamani, hana hatia mpaka ushahidi uielemee dhana. Akiwa mkweli, siku ya kukaribia mia mbili kiasi hiki humjia mara moja katika kila siku sita hivi. Yeye zimemjia hamsini na nne mfululizo." Shangazi alichukua penseli, akaandika sifuri, akaweka nukta, kisha akaendelea kuandika sifuri mpaka mstari ukaisha, akaanza wa pili. Zilipopita arobaini akaiweka penseli chini. "Uwezekano wenyewe ndio huo."

Inspekta aliuangalia ule msururu wa sifuri. Alikuwa amefuata nyayo, damu na alama za vidole kwa miaka kumi na minne. Hakuwahi kuona uongo ukikamatwa kwa sababu haukukosea hata kidogo.

"Na kabla ya siku hizo hamsini na nne?"

"Alikuwa akipima kama mwenzake. Kuna siku moja namba zilitulia ghafla, kama maji baada ya upepo." Kisha akainua kidole. "Lakini usimfunge mtu kwa hili. Namba zinaniambia hazikutoka kwenye kipimo. Hazijaniambia vidonge vikoje, wala kwa nini. Twende tukavichukue."

Kiwandani, meneja aliwaletea vidonge tele kiganjani kutoka rafu ya mbele.

"Hivyo umevichagua wewe," shangazi alisema kwa upole. "Mimi nataka vilivyochaguliwa na bahati."

Akaandika namba za makasha yote ya akiba ya mashine ya pili kwenye vipande vya karatasi, akavichanganya ndani ya ndoo, akachomoa thelathini na sita. Kila kasha lililotajwa likatoa kidonge kimoja. Mkemia alivipima mpaka alasiri. Wastani ulikuwa mia na arobaini na nane.

"Huo ni wa sampuli," shangazi alisema. "Wa mzigo mzima nakadiria uko kati ya mia na arobaini na nne na mia na hamsini na mbili. Mia mbili haipo hata karibu."

Fundi aliifungua mashine ya pili. Mrija wa kumiminia unga wa dawa ulikuwa umeziba nusu. Jioni ile mume aliachiwa, na maduka yote ya dawa yakaagizwa kurudisha vidonge vya mashine hiyo.

Mizani aliletwa kituoni kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa mzee nadhifu, kola imepigwa pasi ikasimama.

"Mzee, siku moja kabla namba zako hazijatulia, uliomba ruhusa ya nusu siku. Ulikwenda wapi?"

"Kwa daktari wa macho."

"Akakwambia nini?"

"Kwamba yanakufa yote mawili. Na kwamba hakuna dawa."

"Kiwandani ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Hata wajukuu zangu wananiita Mizani. Zile namba za kwenye kioo cha kipimo zilikuwa zimegeuka ukungu. Ningesema, ningekuwa mzee wa kushikwa mkono barabarani. Mashine ile nimeilea miaka ishirini na saba, haikuwahi kuniangusha. Nikaona niandike kile ambacho ningekiona."

"Iliziba wiki ile ile, Mzee. Ungeliona siku hiyo hiyo."

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Yule mama aliyekufa alikuwa na watoto?"

"Darasa zima. Alikuwa akiwafundisha kusoma."

Inspekta aliandika maelezo, akamsomea neno kwa neno, akamsogezea karatasi na kalamu. Mkono wa mzee ulitangatanga juu ya karatasi, ukapita mstari, kalamu ikagusa mbao ya meza.

"Nionyeshe mahali," akasema.

Inspekta akamshika mkono, akaupeleka mpaka kwenye mstari, na mzee akatia sahihi yake.