Majibu Aliyoyaficha Spika

"Mume wangu, unatoka damu!"

"Wapi?"

"Mdomoni! Angalia shati lako."

Akajiangalia kifuani. Matone mekundu yalikuwa yamefuatana kwenye shati jeupe mpaka tumboni. Akapitisha kidole mdomoni, akakitazama, kisha akaendelea kutafuna mkate kana kwamba damu ile ni ya jirani.

"Nimejing'ata tu."

"Umejing'ata mpaka mdomo umepasuka, na hukusikia?"

"Nilikuwa na mawazo."

Mkewe akaweka birika chini. Alikuwa msusi, mtu wa kushika vichwa vya watu kutwa nzima, na alijua jinsi mtu anavyoruka akiguswa panapouma. Akainama, akamfinya kidevu kwa kucha. Alimfinya hasa.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Nimekufinya."

Mume akaacha kutafuna. Macho yake yakakimbilia dirishani, na hapo ndipo mke alipoogopa.

"Tangu lini?"

"Kitana, nitachelewa mnadani."

"Nimekuuliza, tangu lini?"

"Tangu... muda kidogo. Kidevu, na upande huu wa ulimi. Pamekufa ganzi. Itapita."

Watu wote walimwita Spika. Alikuwa dalali wa mnada wa vitu vilivyotumika. Alisimama juu ya meza akinadi makabati, friji na vitanda, na sauti yake ikafika barabara ya pili bila kipaza sauti. Ndivyo walivyojuana. Msusi alikwenda kununua mashine ya kukaushia nywele, na Spika alipomwona akasimamisha mnada katikati.

"Mashine hii imeshapata mwenyewe!" alipaza sauti. "Sasa namnadi dalali. Bei ya kuanzia ni tabasamu!"

Umati ukaangua kicheko. Msusi naye, mjane aliyekuwa amesahau kucheka, akatabasamu bila kupenda.

"Amenunuliwa!" Spika akapiga nyundo.

Tangu siku hiyo akawa anamwita Kitana, na yeye akawa hasikii raha mpaka aitwe hivyo.

Miezi michache kabla ya harusi, Spika alitokwa na kidonda pembeni mwa ulimi. Kikakataa kupona. Hospitali wakakikata, wakapeleka nyama maabara, na ikaonekana ni kansa. Msusi alilia mpaka akaishiwa nguvu. Lakini majibu kamili yalipotoka, Spika alirudi anatabasamu.

"Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Wamekata yote, na pembeni pote ni pasafi."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Wakaoana. Na sasa huyu hapa, kidevu kimekufa.

"Leo hakuna mnada," mke alisema. "Vaa viatu."

Daktari aliyewapokea ni yule yule mama aliyemfanyia upasuaji. Alimgusa Spika kidevuni kwa pamba, akambonyeza chini ya taya, akamwambia atoe ulimi. Kisha akavua miwani.

"Kwa nini hukurudi kwa ajili ya mionzi?"

Spika akainamisha kichwa.

"Mionzi gani?" mke akauliza.

Daktari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mama, hukuambiwa?"

"Niliambiwa wamekata yote na pembeni ni pasafi."

"Hilo ni kweli. Lakini darubini ilionyesha jambo jingine. Kansa ilikuwa imeingia kwenye mshipa wa fahamu. Sisemi mshipa wa damu. Huu ni ule unaopeleka hisia. Ikishaingia humo, inaweza kutambaa kuufuata mshipa mpaka mbali, mahali ambapo kisu hakikufika wala jicho haliwezi kuona. Si wote hurudiwa. Ila hatari inapanda, hata kama uvimbe ulikuwa mdogo. Ndiyo maana nilimshauri apigwe mionzi mapema."

"Na hii ganzi?"

"Naogopa ndiyo hiyo. Tutapiga picha, lakini sitaki kukudanganya."

Mke akasimama. Akatoka nje bila kuaga. Spika akamfuata, wakasimama ukutani karibu na sehemu ya kuegesha magari ya wagonjwa.

"Uliniangalia usoni ukaniambia kweli tupu!"

"Sikusema uongo. Nilikata sentensi."

"Usiniletee maneno ya mnadani! Kwa nini?"

"Sauti yangu, Kitana. Walisema mionzi inakausha mate, inachoma koo. Dalali asiye na sauti ni nani?"

"Hiyo tu?"

Spika akaegemea ukuta.

"Siku ile nilikuja saluni nikuambie yote. Ulikuwa na dada yangu, mnachagua kitambaa cha gauni. Nikasema, kuna neno kutoka hospitali. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alikuwa ameweka kitambaa begani, ameziba masikio kwa viganja, anacheka nusu na kulia nusu. Alisema: "Kama si zuri, usiniambie! Nimemuuguza marehemu mpaka nikamzika. Nikisikia tena habari ya kuuguza, harusi basi, narudi kwa mama."

"Nilikuwa natania," alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"Macho yako hayakuwa yanatania."

"Na wifi? Alijua?"

Spika akaitikia kwa kichwa.

Mke akaondoka kwa miguu. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwa mama yake. Jioni simu ikaita.

"Wifi, usikate, nakuomba."

"Ulijua, ukanivika gauni huku unapiga vigelegele."

"Alinikataza! Aliniambia, dada, ukisema nitamkosa. Nilimsihi aende mionzi hata kwa siri, akasema akimaliza fungate. Fungate ikaisha, akasema baada ya mnada mkubwa. Mimi ni dada yake, nilikuwa na haki ya kupiga kelele, sikupiga. Nitukane, wifi, lakini usimwache."

Hakumtukana. Alikata simu, akalia juu ya mto aliokuwa akilalia usichanani mwake. Katikati ya kilio akagundua kwamba hasira yake haikuwa na pa kukaa. Kila alipoisukuma kwa Spika, nusu yake ilirudi kwake mwenyewe.

Siku zikapita. Picha zikathibitisha: ugonjwa ulikuwa umeufuata mshipa mpaka ndani ya taya. Ujumbe ukaingia akiwa anamsuka mteja.

"Kesho asubuhi wanakata sehemu ya ulimi na kipande cha taya, halafu mionzi. Sikuombi uje. Nilitaka tu usikie sauti yangu ikiwa bado nzima. Nimekurekodia."

Chini yake kulikuwa na sauti. Akaibonyeza, akisahau kwamba saluni imejaa wanawake.

"Mabibi na mabwana!" Spika alinguruma kutoka kwenye simu, ingawa maneno yalikuwa yameanza kuwa mazito. "Leo nanadi mume mwongo. Ametumika kidogo. Ana hitilafu upande mmoja. Dhamana hana. Kama hakuna mnunuzi, namrudisha ghalani bila chuki na mtu."

Hakuna aliyecheka. Mteja aliyekuwa anasukwa akashika mkono wa msusi.

"Nenda, mama. Nitajifunga kitambaa."

Alimkuta amekaa kwenye kitanda cha wodi, miguu inaning'inia kama ya mtoto.

"Nani amekuambia huna mnunuzi?"

Spika akafunika uso.

"Nisamehe, Kitana. Nilitaka nikuoe kwanza, halafu ndiyo nipone."

"Nami nilitaka mume mzima tu. Nilikufunga mdomo kabla ya ugonjwa kukufunga. Ungeniambia ningekasirika, ningelia, pengine ningekimbia siku mbili tatu. Lakini ningerudi, mjinga wewe! Kama nilivyorudi leo."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua."

Wakakumbatiana mpaka muuguzi akaja kuvuta pazia.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Baada yake ikaja mionzi, na mke alimpeleka kila siku ya kazi, anakaa nje ya ule mlango mzito akisubiri. Siku moja akamvizia daktari kwenye korido.

"Daktari, kama angekuja mwanzo?"

"Nafasi yake ingekuwa kubwa kuliko sasa. Kubwa hasa. Ila hata wakati ule nisingekuahidi kwamba angepona." Akamgusa bega. "Usijihukumu kwa jambo ambalo hukuambiwa."

"Nilikataa kuambiwa," alijibu.

Spika hakurudi juu ya meza ya mnada. Maneno yake yalitoka yamevimba, na wageni walimwelewa kwa shida. Mkewe peke yake ndiye aliyemwelewa bila kumwomba arudie. Akawa anakaa saluni, anajibu simu za wateja kwa ujumbe wa maandishi na kuwatania kwa macho waliokuja kusukwa. Na kila jioni, wakishafunga, mke alimwekea kiti mbele ya kioo, akasimama nyuma yake.

"Haya, niambie habari mbaya kwanza."

Ndiyo ikawa sheria ya nyumba. Naye alisema: leo nimeshindwa kumeza, leo sikio linachoma, leo nimeogopa. Mke alisikiliza mpaka mwisho, halafu ndipo habari njema zilipopata nafasi. Waliishi hivyo mwaka mzima, na wote wawili walijua kwamba hawakuwahi kuwa mume na mke kama walivyokuwa mwaka ule.

Kisha ugonjwa ukarudi, ukapanda juu kuelekea fuvu. Daktari akasema hakuna tena cha kukata.

Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi ya jua, dirisha la chumbani likiwa wazi. Spika alikuwa amekonda mpaka pete imehamia kidole gumba. Mke akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Niambie habari mbaya kwanza."

Spika akamtazama. Midomo ikatafuta neno, ikalipata.

"Leo... sina."

Ulikuwa uongo, na mke alijua. Mkono ule ulikuwa unapoa kuanzia kwenye kucha. Angeweza kumbana, angeweza kumkumbusha sheria yao. Badala yake akainama, akambusu kidevu kile kisichosikia kitu.

"Haya, mume wangu," alisema. "Basi niambie njema."