Shati la Nne

To... to... to...

Kulikuwa bado giza, na bomba la jikoni lilikuwa likidondoka ndani ya beseni kama kawaida yake. Fundi cherehani alikuwa macho. Pembeni yake binti yake wa miaka mitano, aliyezoeleka kwa jina la Kibibi, alikuwa amejikunja kama uzi ulioanguka sakafuni. Mama akapapasa, akalivuta blanketi chini kumfunika miguu. Mabega yakabaki nje. Akalivuta juu, miguu ikabaki nje.

"Mama, blanketi la baba utashona lini?"

"Lala, mwanangu. Kabla hujaanza shule litakuwa tayari."

Ahadi hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Kabatini kulikuwa na mashati matano ya marehemu mumewe, aliyeingia hospitali miaka mitatu iliyopita asirudi. Fundi alikuwa amekusudia kuyashona yawe blanketi, ili mtoto asiyemkumbuka baba yake awe na kitu chake cha kujifunika. Lakini kila aliposhika mkasi, mkono ulikuwa mzito kama jiwe.

Kulipokucha, siku ya Jumamosi, alivaa gauni lake la maua ya njano, akafungua kibanda chake ukingoni mwa soko. Soko lilikwishachangamka: mikokoteni, makelele ya wauzaji, redio tatu zikiimba nyimbo tatu. Akafagia vipande vya vitambaa vya jana, akavizoa, akavimwaga kwenye mtaro wa nyuma bila hata kutazama. Kila mtu alifanya hivyo.

"Ahsante kwa kilemba, dada!"

Akachungulia. Chini mtaroni alisimama mwanamume mrefu mwenye mabuti ya mpira, shati la buluu lililopauka, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, reki mkononi. Kichwani mwake ulining'inia utepe wa satini ya waridi, umemfika puani. Nyuma yake watu kama ishirini wa kikundi cha kujitolea, wamevaa glovu, wakaangua kicheko.

"Jamani! Samahani kaka, sikukuona."

"Ungeniona ungefanyaje? Ungetupa pembeni kidogo?"

"Ningengoja upite."

Kicheko kikazidi. Fundi aliona aibu, na aibu yake siku zote hutokea mdomoni ikiwa kali. "Basi nionyeshe pipa. Moja tu, soko zima hili."

Mwanamume akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na pipa.

"Kila Jumamosi mnasafisha," fundi akaendelea, "Jumatatu mtaro umejaa. Mnatutengenezea nafasi ya kutupa tu."

Mwanamume akainama, akaendelea kuvuta taka kwa reki. Lakini mchana alirudi, amenawa, amechana nywele, na begani amebeba turubai kuukuu la kijani.

"Umenisema, na umenisema sawasawa," alisema. "Mimi ni fundi bomba. Wiki nzima nazibua mabomba, na ninachokitoa humo ni mifuko ya nailoni ileile ya mtaroni. Nishonee mifuko, mimi nitapigilia misumari. Kila kibanda mfuko wake, nasi tutaikusanya Jumamosi."

"Mingapi?"

"Arobaini."

"Arobaini! Unanichumbia au unaniua?"

"Tuanze na mifuko," akasema, na macho yake yakacheka kabla ya mdomo.

Mifuko ikashonwa. Misumari ikapigiliwa. Muuza nyanya wa kibanda cha jirani, mtu wa maneno, akawa wa kwanza kuwakemea wateja: "We kaka, hilo ganda, mfuko si huo hapo? Au unataka nikushikie mkono?" Wiki ya tatu maji ya mtaro yalianza kuonekana, na simu ya fundi ilianza kulia kila mchana.

"Halo, malkia wa utepe."

"Halo, bwana mtaro. Umekula?"

"Nimekula, lakini sishibi mpaka nikusikie."

"Wee! Maneno hayo umeyazibua kwenye bomba gani?"

Jumapili moja alikuja nyumbani na kisanduku cha vifaa kutengeneza lile bomba. Kibibi alimshikia spana, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mtu wa takataka?"

"Ndiye mimi."

"Mbona hunuki?"

"Nimeoga mara mbili, kwa ajili yako."

Kibibi alilifikiria jibu hilo, akaliona linatosha, akampa spana. Jikoni kukawa kimya. Alfajiri iliyofuata fundi aliamka akatafuta sauti ya matone, asiisikie. Badala yake akakuta mkono wake umekuwa mwepesi. Akajua ameweza. Atayakata yale mashati.

Ijumaa aliyapeleka kibandani. Mfuko pekee aliouona pale nyumbani ulikuwa ule wa kijani alioushona kwa kipande cha turubai kilichobaki, wa arobaini na moja. Akayakunja mashati ndani yake. Alipofika, mteja alikuwa akimsubiri na zipu iliyokatika, amechelewa ofisini, roho juu. Fundi akautundika mfuko kwenye msumari wa mlangoni, juu ya ule wa takataka, akaingia kazini. Jioni mvua ikapiga. Alifunga mlango mbiombio akamkimbilia Kibibi, na mfuko ukalala nje.

Jumamosi asubuhi alipokuja, msumari ulikuwa na mfuko mmoja tu, mtupu.

"Mfuko uliokuwa hapa uko wapi?"

"Lori la taka limeshaondoka nao," fundi bomba alisema, akijifuta jasho. "Leo yote ilikuwa imelowa, tumeifunga mifuko midomo tukaipakia mizima. Nimekuwekea wa akiba. Kwani ulikuwa na nini?"

"Mashati ya baba yake Kibibi."

Reki ikamponyoka mkononi.

"Hukuangalia hata ndani!" Sauti yake ilikatika katikati. "Kwako kila kitu ni takataka, sivyo? Hata watu!"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Usiniite hivyo. Nenda. Nakuomba uende."

Akaenda, tena kwa kukimbia. Fundi akauona mgongo wa shati la buluu ukipotelea kwenye umati, akasema moyoni, basi ndivyo alivyo.

Jioni hasira ilipopoa, alimpigia. Haipatikani. Jumapili, haipatikani. Jumatatu, haipatikani.

"Amenikimbia," akamwambia muuza nyanya.

"Hebu ngoja, shoga. Mfuko aliutundika nani?"

Fundi akaweka mkasi chini.

"Na aliushona nani, wa kijani, sawa kabisa na ile arobaini? Hata mimi ningeupakia. Tena ningekuimbia na wimbo."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaukodolea macho ule msumari. Halafu akafunika uso kwa kitambaa cha mteja, akalia.

Jumanne alifunga kibanda mapema, akamshika Kibibi mkono, wakaenda hadi duka la vifaa ambako fundi bomba alipokelea kazi zake.

"Hayupo," mwenye duka alisema. "Tangu Jumamosi yuko jalalani, yeye na wenzake kwa zamu. Simu yake imezama kwenye tope hukohuko. Nasikia anatafuta nguo za mtu... Haya, huyo anakuja."

Alikuwa anakuja kweli, amekonda usoni, mikono imejaa mikwaruzo, kifuani amekumbatia furushi la gazeti. Alipowaona akasimama. Akalifungua palepale barabarani: shati la mistari, shati la drafti, shati jeupe la kazini. Yamefuliwa. Yamepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Kola moja ilikuwa imeungua.

"Nimeyapata matatu tu," alisema. "Mawili yamenishinda. Nisamehe."

"Wa kusamehewa ni mimi. Niliutundika mimi mwenyewe, halafu nikakutupia wewe lawama. Kama nilivyokutupia vitambaa."

"Vitambaa vilinipendeza lakini."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Kibibi alikuwa ameshazamisha uso kwenye shati la drafti.

"Linanukia sabuni," akaripoti.

Fundi akatoa futi iliyokuwa shingoni, akapiga magoti, akampima mtoto kuanzia kidevuni hadi visiginoni, kisha akapima mashati. Akapima tena polepole, akitafuta ujasiri.

"Blanketi litapungua," akasema bila kuinua macho. "Nahitaji shati la nne."

"Kesho nakununulia zuri."

"Sitaki la dukani. Nataka lililovaliwa. Hilo la buluu."

Fundi bomba alitazama shati lake, la mtaroni, la siku ile ya utepe. Sasa ikawa zamu ya sauti yake kukatika.

"Nikikupa hili, mama Kibibi, na mimi nitalifuata. Nitataka kulala linapolala."

"Kwani unafikiri naliomba kwa sababu gani?"

Akamgeukia mtoto, akachuchumaa. "Na wewe, bosi wa spana? Unaruhusu?"

Kibibi alifikiri. "Lifuliwe kwanza."

Blanketi likaisha siku mbili kabla ya shule kufunguliwa: mistari juu, drafti na jeupe katikati, buluu mwishoni. Jioni ile, mama yake na baba yake mtarajiwa wakiwa wamesimama mlangoni bega kwa bega, Kibibi alipanda kitandani, akajifunika hadi kidevuni, akanyoosha miguu yake yote miwili, akachezesha vidole.

"Mama, sasa linafika miguuni."