Niliwasomea Mbweha

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asante kwa chai. Bagula, punguza televizyo. Na nyinyi watoto, muache simu kidogo, munipe masikio. Sitakaa. Mirindi ameenda kuweka mafuta ndani ya gari, akirudi tunaendelea mpaka Buffalo. Louisville tulitoka saa sita ya mchana. Hapa Westerville hata nusu ya njia bado.

Niko naongea polepole kwa sababu sijalala siku tatu.

Bon.

Munajua miye nilianza kusoma nikiwa na miaka makumi tano na moja. Mama Nabintu alitufundisha kanisani na Biblia, kwa sauti, kidole juu ya neno. Ukimaliza, unasema amina. Kama hujasema amina, hakuna kugeuza ukurasa. Sasa nasoma kila kitu. Pakiti ya maziwa. Barua ya umeme. Nafurahi sana, sitawadanganya.

Siku tatu zilizopita, jua likielekea kushuka, nilikuwa kazini na Cyubahiro. Tunafanya kazi ya kuku, inje ya muji. Mbweha walikuwa wanamaliza kuku, donc patron, mwenye shamba, aliita muwindaji. Akapiga sita. Akatuachia magunia sita na karatasi moja ya namna ya kuzika.

"Tutupe mtoni, muzee, turudi nyumbani," Cyubahiro akasema. "Nani ataona?"

"Karatasi imekataza."

"Karatasi iko na macho?"

"Miye niko nayo."

Tukachimba mbali na maji, mpaka kifuani. Tukavaa glavu, tukashusha magunia. Tukamwaga chokaa. Halafu nikasimama pembeni ya shimo, nisome tena, nione kama hatujasahau kitu. Na miye kusoma kimya sijui. Nilisoma kwa sauti, kidole juu ya neno. Usishike kwa mikono mitupu. Weka chokaa. Funika kabisa, mbwa wasifukue.

"Pasta Mushagalusa," Cyubahiro akanitania. "Sadaka tunatoa sasa ao baadaye?"

Nikamaliza. Na kwa mazoea tu...

Nikasema amina.

Na mutu akajibu, amina.

Haikuwa Cyubahiro. Ilikuwa sauti ya mwanamuke, chini, karibu na magoti yangu. Kukanuka mafuta ya ng'ombe, ile mama zetu walikuwa wanapaka kwenye nywele. Kule hakuna ng'ombe.

"Mbweha umewasomea," akanong'ona, kwa Kishi, luga ya kwetu. "Na miye?"

Ile sauti niliijua.

Ni Nzigire, dada yangu mukubwa. Mwaka wa tisini na sita tulikimbia vita pamoja kule kwetu, akafa kwa homa ndani ya pori. Nilimufunika na majani. Bila shimo. Bila neno. Watu walikuwa wanatembea, na miye nikatembea. Nilipofika kambini nikamwambia mama: tulimuzika vizuri, pasta alisoma. Mama akashukuru Mungu. Mpaka leo sijaambia mutu.

Munataka kujua nilifanya nini pale kwenye shimo? Nilichukua koleo. Udongo. Koleo. Udongo. Sikusikia woga. Sikusikia kitu.

"Muzee..." Cyubahiro alikuwa ameacha kucheka. "Nani amekanyaga hapa?"

Chokaa kidogo ilikuwa imemwagika pembeni. Juu yake alama ya mguu mutupu. Mumoja tu, wa kushoto.

Vidole vinne.

Kidole kidogo cha Nzigire, mguu ule ule, kilikatwa na jembe akiwa msichana.

Kesho yake asubuhi mama akanipigia simu. Anakaa peke yake North Buffalo. Mwendo wa gari ni siku nzima kutoka kwetu.

"Dada yako alifika jana jioni," akasema, kama mutu anayesema mvua imenyesha. "Amekaa jikoni. Nimemuosha miguu, haitakati. Inabaki nyeupe tu."

Miye sikuwa nimemwambia juu ya chokaa.

"Anasema sasa unajua kusoma. Anasema Jumapili, siku ya Mungu, ikipita bila mutu wa kumusomea, ataenda na miye, tukalale pamoja kule kwenye majani. Mwanangu. Uliniambia pasta alisoma."

Nilikata simu. Ndiyo, mama yangu mwenyewe, nilimukatia simu.

Jirani yake, Grâce, anaenda kumuangalia. Anasema mama anaweka sahani mbili kwenye meza. Ya mama inabaki vile vile.

Ile ingine inaisha.

Kesho ni siku ya Mungu. Biblia niko nayo hapa kwenye mufuko. Na ile karatasi ya mbweha pia, sijui kwa nini niliibeba. Nitasimama pale jikoni, nitamwambia mama ukweli, halafu nitasoma. Kama Nzigire alikuja kwa neno, labda atarudi na neno. Sijui.

Munasikia honi? Ni Mirindi.

Wakati wa kurudi nitapita hapa. Kama tuko wawili ndani ya gari, muniwekee chai. Kama kuna mwanamuke amekaa nyuma, musikimbilie kufungua mulango. Muangalie miguu kwanza.

Bon, nimemaliza. Ninawaomba kitu kimoja tu.

Mutu asiseme amina.