Mahali pa Getruda

Haya yalimpata baba yangu mdogo, Nkwabi, mwaka 1994, enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru na mitumba ikafurika Mwanza. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, ila raha yake ilikuwa daftari na penseli. Kila mchana aliketi kwenye ngazi pale Makoroboi akichora watu haraka haraka. Alianza na miguu, kwa kuwa mtu wa mtaani hakungoji. Mkewe, mama mdogo Getruda, aliuza mitumba ng'ambo ya barabara.

Jumatatu, akiutazama mchoro wake, aliona bibi kizee nyuma ya meza za dagaa. Hakukumbuka kumchora. Tena bibi hakuwa na miguu.

Jumanne bibi alikuwa karibu na fundi viatu. Jumatano, mbele ya duka la jirani na Getruda. Kila Nkwabi alipoinua macho, mtaani hapakuwa na bibi yeyote.

Alhamisi bibi alisimama nyuma ya Getruda, mkono begani mwake.

Baba mdogo alivuka barabara mbio. "Funga, twende nyumbani."

"Kesho tunafungua robota jipya la nguo, baba Sabina. Nitakaaje nyumbani?" Getruda alijisugua bega. "Hili tu ndilo linaniuma tangu asubuhi."

Ijumaa Nkwabi akapata wazo, na wazo hilo nalilaani mpaka leo. Angechora mtaa wote bila mkewe. Bibi asipomkuta kwenye karatasi, atampatia wapi?

Akachora meza. Nguo. Fundi viatu. Mahali pa Getruda akapaacha peupe.

Akautazama mchoro. Bibi hakuwemo. Akacheka peke yake kwa furaha. Akainua kichwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Gauni lilikuwa mezani, limekunjwa nusu.

"Mke wangu yuko wapi?" alivuka na kumnong'oneza fundi viatu.

"Si huyu hapa, naongea naye..." Fundi aligeuka. Akaanza kuchungulia chini ya meza.

Tulimtafuta mpaka Buhongwa, mpaka kivukoni Busisi. Hatukumpata. Baba mdogo alikufa akijilaumu, na daftari ninalo mimi. Mara nyingi nimejaribu kumrudisha mama mdogo mahali pake, lakini pale peupe penseli inateleza tu, haiandiki.

Jana nilipapapasa. Vidole vitano vimeiinua karatasi kutoka upande wa pili. Kimoja kina pete ya ndoa.