Atelie ya Nsungwi Inafungwa kwa Inje

Marguerite njo alinifungia mulango.

Si mwizi, si mutu nisiyemujua. Marguerite wa kwaya yetu ya kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, mwenye tulitoka naye Fizi, kule Kongo, mwenye namuita yaya sababu ananipita umri.

Alinisukuma ndani pole pole. Alafu nikasikia kufuli, kwa inje.

"Yaya? Mbona unafunga?"

Nikasukuma mulango.

"Yaya Marguerite, fungua."

"Unisamehe, Mamy."

Nikasikia viatu vyake vikienda.

Ninyi munaosoma hii, mujue kwanza vile nilifika pale. Mi ni mushonaji. Dzaleka nilikuwa nashona vitenge kwa mashini ya kukodi, na kazi ilikuwa imepunguka sana. Marguerite akaniletea habari ya patroni mmoja, Norbert, mutu wa kwetu, mwenye atelie, nyumba ya kushonea, kule Nsungwi, Lilongwe. Eti anashona mikoba na aproni za duka moja ndogo ya mujini.

"Na ruhusa ya kutoka kambini?" nikamuuliza.

"Norbert anapanga yote. We kuja tu na karti yako ya ukimbizi."

Norbert akaipokea ile karti, akasema ni ya kuniandikisha, akaitia mufukoni. Njo ikaenda hivyo.

Sasa niko ndani. Badada wengine bananiangalia bila kuacha mashini. Mmoja wao, Thacienne, Munyarwanda mwenye sauti ya chini, akanionyesha kiti.

"Kaa ushone. Akikukuta umesimama, leo hauli."

"Tunatoka saa ngapi?"

Akaniangalia kwa huruma.

"Hatutoke."

Maisha ikawa ile. Tunashona, tunalala chini ya meza ya kukatia, kati ya matambara. Nsima, ugali wa huku, mara moja kwa siku. Mushahara ni "njo unakuja". Dirisha zilipakwa rangi nyeupe, muchana tunaujua kwa joto ya mabati. Inje tunasikia benye kabaza, baiskeli za kubeba bantu, bakigombania abiria, bamama bakisalimiana. Bantu balikuwa karibu hivi... ukuta moja tu.

Mutauliza, mbona hamukupiga kelele?

Norbert hakuhitaji fimbo. Alisimama katikati yetu akasema: "Lieni. Polisi bakuje. Batauliza karti, hauna. Batauliza ruhusa ya kuwa inje ya kambi, hauna. Nani atafungwa, mi ama we?"

Tukarudi kwenye mashini.

Siku moja akatuambia tufagie. Akaleta nguo safi, akapanga Fanta mezani, akaacha mulango wazi.

"Mayi Gertrude mwenye duka anakuja kuona atelie. Akiuliza, muko na furaha. Munalala kwenu."

Mayi ni mama kwa Kichewa; huyu alikuwa Mumalawi wa miwani, mupole. Akauliza kwa Kichewa, Norbert akatafsiri.

"Munapenda kazi?"

Macho ya Norbert iko kwenye mudomo yangu.

"Tunapenda. Zikomo," nikajibu mi mwenyewe, na asante ya Kichewa.

Alafu yule mama akataka ashonewe aproni yake. Norbert akanionyesha mi, nimupime. Tukaingia nyuma ya pazia. Norbert akabaki upande ingine, naona viatu vyake chini ya kitambaa.

Nikamuzungushia metre ya kupimia kiunoni. Kichewa yangu ni ya sokoni, ya kuuliza bei ya nyanya. Nikamuinamia sikioni.

"Ndithandizeni."

Ni kusema, munisaidie. Neno ingine nilikosa. Basi nikakutanisha mikono yangu, kama yenye imefungwa kamba, nikamuonyesha mulango.

Aliniangalia. Kwa sauti kubwa akasema tu, "Iwe ndefu, ifike magotini."

Akatoka, akamupa Norbert mukono, bakacheka pamoja. Gari ikaenda.

"Umemuambia?" Thacienne akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Amecheka na Norbert."

Thacienne akarudisha macho kwenye mashini. Mi nikashona mufuko wa aproni upande haukukuwa wake, nikaufumua, nikaushona tena vibaya. Nilikuwa nangojea tu Norbert aingie kunimaliza.

Aliingia, lakini na furaha.

"Mayi anataka oda kubwa. Anataka kuona bashonaji bote kwenye duka yake, kila mutu na karti yake mukononi, apige picha za kuonyesha bakiliya, bale benye kununua."

Tamaa ilimufunga macho. Yeye mwenyewe akaturudishia karti, akatupandisha gari. Marguerite naye aliitwa, akakaa mbele, hakugeuka kutuangalia.

Dukani, tulipoingia, mulango ukafungwa nyuma yetu. Nikaona polisi babili banamuke. Nikarudi nyuma mpaka kwenye mulango. Alafu mama mmoja wa shirika ya kusaidia bakimbizi akatusemesha kwa Kiswahili ya kwetu kabisa:

"Karibuni. Leo hakuna mwenye atajibu mbele ya patroni."

Bakamupeleka Norbert kwenye chumba ingine. Polisi mmoja akanivutia kiti. "Khalani pansi, amayi," kaa chini, mama. Hakuanza na ruhusa ya kambi. Aliuliza kama nimekula.

Mayi Gertrude akakuja karibu yangu.

"Siku ile ningeonyesha kwa uso kama nimeelewa, Norbert angewahamisha jioni ile ile. Ile oda ilikuwa mutego," akasema, mama wa shirika akitafsiri. Alafu akavua miwani. "Nilimuuliza bei, nikamuuliza siku ya kuleta mizigo. Sikuwahi kuuliza nani anashona, na analala wapi."

Polisi akauliza: "Nani alikuwa anawapeleka ninyi kwa Norbert?"

Bote tukamunyoshea Marguerite kidole. Changu njo kilikuwa cha kwanza. Nilitaka afungwe mbele ya macho yangu.

Hakukana.

"Ni mi," akasema. "Na mi njo nilishona pale wa kwanza, kabla ya hawa bote. Mutoto wangu Kaneza iko kwa muke wa Norbert, kule Nathenje. Alimuchukua eti amusomeshe. Nikikataa kuleta mutu, ananiambia sitamuona tena."

Nikashusha mukono.

Tulienda naye Nathenje, mi na polisi. Tulimukuta mutoto uani, anaosha masufuria. Mama yake akamuita, hakuinua kichwa. Akamuita tena... njo akaacha sufuria.

Sijamusamehe Marguerite yote. Tunasalimiana.

Mayi Gertrude bado ananunua kwetu, sasa tunashonea kule kambini Dzaleka. Anakuja bila kutuonya, anakaa na kila mushonaji peke yake, na mutu wa kutafsiri mwenye tulimuchagua siye.

We unayetafuta kazi, karti yako isilale kwa mufuko ya patroni. We unayenunua, kama bei ni ndogo sana, jua kuna mutu analipa yenye imebaki kwa jasho na mwili yake.

Na mwenye alikuuza, kabla ya kumuhukumu, uliza kwanza ni nani anamushika.